Dimbwi la Mgunda Mkali

Wahenga wetu wamesema kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Methali hii nimeisikia tangu utotoni. Hutamkwa na wazee kumhimiza aliyeanza jambo asirudi nyuma, na hutamkwa na vijana kwa utani pale mwenzao anapojitia ushujaa kisha akaingiwa na hofu. Sisi tuliozaliwa visiwani hatuoni ajabu yoyote ndani yake. Maji yametuzunguka pande zote, na mwenye kuvua nguo ufukweni hana la kufanya ila kuingia. Sikuwahi kufikiri kwamba iko nchi ambayo methali hii haina nguvu. Nchi ambayo mtu huweza kuyavulia nguo maji, kisha akazivaa tena na kwenda zake, na akahesabiwa kuwa ametenda jambo la haki.

Nchi hiyo niliifika mwezi wa Oktoba, mwisho wa kiangazi, nilipokwenda Singida kumzuru rafiki yangu wa siku nyingi, mwalimu mstaafu anayeishi Mwankoko. Mwankoko ni kata ya Manispaa ya Singida, na wakazi wake ni wakulima na wafugaji, wengi wao Wanyaturu. Ardhi yake ni ya mchanga na mawe makubwa ya matale yaliyopandana kama mizigo iliyotuliwa na watu waliochoka. Mvua yao ni moja kwa mwaka. Huanza Novemba na kukoma Aprili, na katika mkoa mzima kipimo chake aghalabu huwa kati ya milimita 500 na 800. Miezi mingine yote mbingu huwa kavu.

Mgeni anayeingia Singida hustaajabu kwanza kwa kuona maziwa. Mji umekaa baina ya maziwa mawili, Singidani na Kindai, na jua likizama juu yake huweza kumdanganya mtu wa pwani akadhani yuko kwao. Nilimwambia mwalimu, "Basi nyinyi hamna shida ya maji." Akacheka, akanijibu, "Ndugu yangu, hayo ni ya kutazama." Maziwa yale hayana mto unaoyatoa maji kwenda kwingine. Yanayoingia hubaki hapo hapo, jua huyakausha, na chumvi hubaki nyuma mwaka baada ya mwaka. Maji ya kunywa yamo chini ya ardhi. Visima virefu vilivyochimbwa Mwankoko na Irao ndivyo vinavyoupelekea mji wa Singida sehemu ya maji yake, kwa mitambo na mabomba. Kwa hiyo mahali hapa padogo, ambapo msafiri angepapita bila kugeuza shingo, ndipo mji mzima unapotegemea kukata kiu.

Jioni ile, tukiwa tumekaa nje ya nyumba yake, nilimweleza mwalimu sababu ya pili ya safari yangu. Nilikuwa nimesoma kwa muda mrefu habari za misafara ya zamani, ile iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe, na nilitaka kuliona kwa macho yangu dimbwi moja tu kati ya yale yaliyowahi kuwanywesha wapagazi katika nyika iliyoitwa Mgunda Mkali. Na nilikiri, kwa kuwa hapana haja ya kumficha rafiki, kwamba nilitaka pia kuoga ndani yake.

Nyika ile imo leo ndani ya Mkoa wa Singida, upande wa kusini, katika nchi ya Manyoni na Itigi. Mkoa wenyewe uliundwa mwaka 1963, lakini jina la Mgunda Mkali ni la kale kuliko mkoa, kuliko reli na kuliko ramani zote za Wazungu. Mgunda, kwa lugha za bara ile, ni shamba. Mgunda Mkali ni shamba lenye ukali, na ukali wake haukuwa wa udongo wala wa wanyama peke yake, bali wa kiu. Msafara uliotoka pwani ulipita Uzaramo na Usagara, ukaingia Ugogo, na mwisho wa Ugogo ukakabiliwa na msitu na vichaka vilivyotandazwa mpaka Tura, kwenye mlango wa Unyamwezi. Kuvuka kwake kulichukua karibu wiki nzima kwa msafara mwepesi, na zaidi kwa msafara ulioelemewa.

Jiografia yenyewe inaeleza ukali huo. Magharibi ya Bahi ardhi hupanda ghafla, nayo ni kingo ya Bonde la Ufa, na juu ya kingo hiyo ndipo zilipo Kilimatinde na Manyoni. Ukishafika juu, nchi hulala tambarare. Karibu na Itigi huota vichaka vya namna yake, vilivyosongamana hata mtu mzima hawezi kupenya pasipo panga, na wataalamu wa mimea huvitaja kwa jina la mji huo, kwa sababu mfano wake ni nadra kuonekana kwingine katika Afrika. Mchanga wa chini yake huyameza maji ya mvua mara yanapoanguka. Mito ya nchi hiyo hutiririka kwa miezi michache, kisha hukatikakatika ikawa madimbwi marefu, kisha madimbwi mafupi, kisha mchanga mtupu.

Waingereza Richard Burton na John Speke walitoka pwani mwishoni mwa Juni 1857, wakaivuka Mgunda Mkali mwezi wa Oktoba, na kufika Kaze, palipo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba. Burton alichapisha habari za safari hiyo mwaka 1860, na katika maelezo yake nyika ile inaonekana kuwa ni jina ambalo wapagazi walilitaja kwa hofu tangu wakiwa mbali. Speke alirudi na James Grant, wakapita mwishoni mwa 1860 na mwanzoni mwa 1861. Safari hiyo nyika ikawaonyesha uso wake wa pili. Mvua ilikuwa imekwisha kuanza, mkondo wa Mabunguru ukafurika, wapagazi wakatoroka, na njaa ikaingia kambini. Nchi ile huweza kumnyima mtu maji mwezi wa Oktoba, na mwezi wa Januari ikamzuia njia kwa maji hayo hayo.

Hata hivyo, si Wazungu walioijua njia ile. Waliijua Wanyamwezi, ambao walibeba bidhaa kwenda na kurudi pwani kabla Mzungu yeyote hajakanyaga huko. Waliijua Waarabu na Waswahili wa Unguja, Mrima na Tabora, akiwamo Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyefariki Unguja mwaka 1905 na kutuachia maisha yake yameandikwa kwa Kiswahili. Na aliijua Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa utumwani hadi Bara Hindi, akawa huru, akarudi Unguja. Bombay alipita Mgunda Mkali na Burton na Speke mwaka 1857, akapita tena na Speke na Grant, akapita na Stanley mwaka 1871, na akapita na Cameron mwaka 1873. Ni mara nne za kwenda tu, bila kuhesabu kurudi. Watalii wale wakubwa kila mmoja aliiona nyika kama mgeni. Yeye aliiona kama mtu anayerudi kwenye mlango anaoujua. Shirika la Kifalme la Jiografia la London lilimpa nishani ya fedha na malipo ya uzeeni. Kitabu hakuandika.

Mpagazi alibeba frasila mbili, yaani kilo thelathini na mbili hivi, juu ya kichwa au begani. Ndani ya mzigo huo mlikuwa na merikani, kaniki, shanga na nyaya kwa safari ya kwenda, na pembe kwa safari ya kurudi. Chakula chake, mkeka wake, sufuria au chungu chake na kibuyu chake cha maji vilikuwa ni nyongeza juu ya frasila mbili hizo. Hapo ndipo ilipo hesabu ya Mgunda Mkali. Maji ni mazito. Mtu hawezi kubeba pembe ya tajiri na pia maji ya siku mbili ya nafsi yake. Kwa hiyo safari ilipangwa kwa kufuata madimbwi, na pale ambapo dimbwi moja lilikuwa mbali na jingine kuliko mwendo wa siku, waongozaji wa misafara walitumia hila ambayo vitabu vya wasafiri vimeihifadhi kwa jina la tirikeza.

Hila yenyewe ni hii. Asubuhi msafara haukuondoka. Watu walibaki penye maji, wakapika, wakala, wakanywa mpaka matumbo yakajaa, wakajaza vibuyu. Baada ya adhuhuri, jua lingali kali, kiongozi alipiga ngoma na safari ikaanza. Walikwenda mpaka giza likawazuia, wakalala pakavu bila kupika, na kabla ya alfajiri wakaamka kwenda tena, ili jua la pili lisiwakute mbali na dimbwi la mbele. Kwa namna hiyo siku moja ya kiu ilikatwa vipande viwili, nusu jioni na nusu asubuhi, na usiku ukawekwa katikati kama pumziko. Masikio yetu ya leo yakilisikia neno tirikeza hulikumbuka neno kutelekeza, na kwa hakika msafiri aliyeyapa mgongo maji wakati wa adhuhuri lazima moyo wake uliona kuwa umetelekezwa.

Wapenzi wa lugha wataona kwamba barabara hii imetuachia maneno mengine. Wagogo walidai malipo kwa kila msafara uliopita katika nchi yao, na malipo hayo yaliitwa hongo. Misafara ililalamika sana, na wasafiri wa Ulaya walilalamika zaidi, lakini tukiitazama nchi ile kwa jicho la mwenyeji tutaona kwamba lalamiko hilo halikuwa na haki yote. Msafara wa mamia ya watu na punda wao ukipiga kambi penye kisima kimoja wakati wa kiangazi, kesho yake kisima hicho ni tope. Mwenye kisima na ng'ombe atafanyaje? Hongo ilikuwa ni nguo kadhaa, doti na shuka, kwa maji, chakula na amani. Leo neno hilo hilo ni la aibu, ni la mlangoni pa afisi na chini ya meza. Neno lililokuwa haki ya mwenye maji limekuwa jina la dhulma.

Na liko jingine. Kabla ya kuingia Ugogo, misafara ilipita mahali palipoitwa Marenga Mkali, na wasafiri wote walieleza kuwa maana yake ni maji makali, yaani maji ya chumvichumvi. Kwa wenyeji wa nchi hizo za kati, malenga ni maji. Kwetu sisi, malenga ni mtunzi na mwimbaji wa mashairi. Sitaki kuunganisha maneno mawili yaliyokutana kwa sauti tu. Lakini naomba niruhusiwe kumfikiria kijana wa Mrima, mwenye kupenda ngoma na mashairi, akiwa safari yake ya kwanza ya bara. Amechoka, midomo imepasuka, na mbele yake anasikia mtu akipiga ukelele: malenga! Kwa muda mfupi kiu yake na lugha yake zingekuwa kitu kimoja.

Tulipotoka Singida kwenda kusini, mwalimu na mimi, tulipanda basi mpaka Manyoni, safari ya kilomita zipatazo 120, na kutoka hapo tukaelekea magharibi kwa gari la kuomba. Ramani za wasafiri nilikuwa nazo kichwani. Majina ya vituo vyao katika nyika hii yanasikika kama Kiswahili cha nyumbani: Jiweni, Jiwe la Mkoa, Jiwe la Singa, Mgongo wa Tembo. Zamani nilidhani waliyataja mawe kwa sababu hapakuwa na kitu kingine cha kutajwa. Nilipoyaona mawe hayo nikaelewa. Jiwe kubwa la matale halinywi mvua. Kila tone linaloanguka juu yake huteremka, na aghalabu hukusanyika katika mashimo yake au chini ya miguu yake, pale ambapo mwamba mwingine huyazuia yasizame. Katika nchi ya mchanga unaomeza kila kitu, jiwe ni mtungi. Mtu aliyesema "tutalala Jiweni" alikuwa anasema kwamba huenda huko wakapata maji.

Dimbwi tulilolifuata liko ndani ya msitu unaohifadhiwa na kijiji, na jina lake silitaji kwa kuwa wenyeji waliniomba nisilitaje. Tuliongozwa na mzee mmoja mfuga nyuki, mtu mwembamba wa miaka inayokaribia themanini. Manyoni na Itigi ni nchi ya asali, na mizinga ya magogo inaning'inia kwenye miti hata porini kabisa. Mzee alitangulia, panga mkononi, kibuyu kiunoni. Nilimwamkia, naye akaniitikia kwa upole, "Marahaba, mwanangu. Umetoka mbali. Huko kwenu mna maji mpaka mwisho wa macho, nimeambiwa." Nikamjibu kwamba ni kweli, lakini ni ya chumvi. "Basi tumefanana," akasema.

Tulitembea zaidi ya saa moja. Vichaka vilikuwa vimepukutisha majani, na joto lilikuwa limetulia chini ya matawi kama joto la jikoni. Kisha tukasikia mvumo. Nilidhani ni upepo. Mzee akatabasamu na kusema, "Nyuki wanakunywa." Tukazunguka mwamba mweusi mrefu kuliko nyumba ya ghorofa, na hapo chini yake, katika kivuli, likawapo dimbwi.

Halikuwa kubwa. Urefu wake ni hatua kama thelathini, na upana wake hatua kumi. Upande wa mwamba maji yalikuwa ya kijani kibichi, yenye kina. Upande wa pili yalikuwa mepesi, yakaonyesha mchanga. Vipande vya miti mikavu vilielea juu yake, na juu ya kila kipande walikaa nyuki wengi, vichwa vyao chini. Mzee alikuwa ameviweka mwenyewe, ili nyuki wapate pa kusimama wasizame. Ukingoni zilikuwapo nyayo za ng'ombe, nyayo za mbuzi, nyayo za digidigi, na nyayo moja ya mtoto aliyekwenda miguu mitupu.

Nilikaa juu ya jiwe. Nilikuwa nimejaa jasho na vumbi, na mbele yangu palikuwa na maji baridi katika kivuli, mahali ambapo, kwa hesabu za ramani yangu, misafara iliweza kupita kwa mwendo wa siku moja au mbili. Nilimfikiria Bombay. Niliwafikiria wapagazi. Nikaanza kuvua shati.

"Mwanangu," mzee akasema, wala hakuinua sauti, "vaa shati lako. Hapa haogi mtu."

Nikamwuliza kama kuna mamba au mizimu.

"Mamba hamna. Mizimu sisemi. Hapa haogi mtu kwa sababu hapa hunywa watu."

"Hata kunawa uso, mzee?"

"Kunawa utachota kwa kibuyu, ukanawie kule mchangani, mbali. Maji haya yana wenyewe wanaokuja nyuma."

"Nani wanaokuja?"

"Siwajui," akasema. "Ningewajua ningewauliza kwanza."

Mwalimu aliniangalia kwa jicho la kuzuia kicheko, maana aliijua methali yetu. Nami nilikuwa nimekwisha yavulia maji nguo. Nikavaa shati. Mzee akachota maji kwa kibuyu, akanipa ninywe kwanza, kisha akanimiminia mikononi hatua ishirini kutoka ukingoni. Yalikuwa na ladha ya jiwe na ya majani. Mchanga uliyanywa yaliyomwagika kabla sijamaliza kujifuta.

Tangu siku hiyo nimefikiri sana juu ya amri ile, maana ni amri ya kale, na naamini ndiyo iliyoiwezesha barabara ile kuwapo kwa muda wote iliokuwapo. Mamia waliokwenda na mamia waliorudi hawakujuana. Msafara wa leo haukujua ni nani watakaofika baada ya siku tano. Kila aliyefika dimbwini alikutana na yale yaliyoachwa na mtu asiyemjua, naye aliwaachia watu asiowajua. Palipo na uaminifu huo, watu walivuka. Palipokosekana, kwa kuwa dimbwi limechafuliwa au limemalizwa, watu walikufa, na mizigo yao ikabaki njiani.

Na hapa inatupasa sisi wa visiwani tuseme jambo ambalo si rahisi kulisema. Barabara ile haikubeba pembe na nguo peke yake. Ilibeba pia watu waliofungwa, na walioletwa pwani kwa nguvu walipita katika nyika hii hii, chini ya jua hili hili. Mpagazi wa Kinyamwezi alikuwa na mkataba wake, aliweza kutoroka, na mara nyingi alitoroka. Mateka hakuwa na chaguo hilo. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mkataba wa Juni 1873 alioutia saini Sayyid Barghash, lakini kabla ya hapo wangapi waliinama katika madimbwi ya Mgunda Mkali, mnyororo shingoni, wakanywa yaliyobaki? Wao pia walikuwa miongoni mwa wanaokuja nyuma, na hapana aliyewauliza.

Sayyid Barghash huyo huyo, aliyetawala kutoka 1870 hadi 1888, ndiye anayekumbukwa Unguja kwa kuwaletea watu wa mji maji ya chemchemi kwa mabomba. Tangu udogo wetu tumefundishwa kumshukuru kwa hilo, na shukrani hiyo ni ya haki. Lakini utajiri wa enzi ile ulitokana na karafuu na pia na pembe, na pembe ilifika forodhani baada ya kuvuka Mgunda Mkali. Kwa maneno mengine, mji wetu uliletewa maji baridi kwa msaada wa watu waliokuwa na kiu mbali sana, ambao hawakuyaonja. Bomba lile lilikuwa refu kuliko tulivyodhani: upande wake mmoja ulikuwa mjini, na upande wa pili ulikuwa chini ya mwamba mweusi kule Itigi.

Ukali wa Mgunda Mkali ulipungua kabla ya barabara yenyewe kufa. Burton mwenyewe alishuhudia kwamba Wakimbu walikuwa wamekwisha anza kufyeka msitu na kulima, na Stanley alipopita mwaka 1871 alikuta vijiji na chakula mahali ambapo zamani palikuwa pori. Si mitambo iliyoidhoofisha nyika ile, ni majembe ya wakulima waliochimba visima na kukaa. Kisha wakaja Wajerumani. Reli yao iliyoanza Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Dodoma mwaka 1910, ikapanda kingo ya Bonde la Ufa kupita Saranda na Manyoni, na ikafika Tabora mwaka 1912. Safari iliyokuwa ya miezi ikawa ya siku chache. Mpagazi akatua frasila zake mbili, na madimbwi yakabaki ya nyuki, ng'ombe na wenyeji. Wanyaturu, kwa upande wao, humsimulia Liti, mwanamke aliyewapinga Wajerumani kwa msaada wa nyuki, na uwanja wa mpira wa mjini Singida leo una jina lake. Leo reli mpya iliyoanza kubeba abiria mpaka Dodoma mwaka 2024 inaendelea kujengwa kuelekea Tabora, kupita nchi ile ile. Abiria wake wataivuka Mgunda Mkali wakiwa na chupa za maji mapajani, na wengi hawataijua kwa jina.

Niliporudi Mwankoko kabla ya kuagana na mwalimu, tulipita jioni karibu na visima. Hapakuwa na la kuona ila uzio, mtambo, na bomba linaloingia ardhini kuelekea mjini. Watoto wawili walikuwa wakirudi nyumbani na madumu. Nilimwambia mwalimu kwamba mahali pale pamekuwa kama Jiweni: mtungi wa watu wengi wasiouona. Akanijibu kwa utulivu wake wa kawaida, "Ndiyo. Tofauti ni kwamba aliyeko mwisho wa bomba hawezi kuona nyayo za aliyekunywa kabla yake, wala hamfikirii atakayekunywa baadaye."

Nimerejea kisiwani. Kisima cha nyumbani kwetu kingalipo uani, ingawa siku hizi tunakitumia pale bomba linapokauka. Zamani bibi yetu alitukataza kuoga karibu nacho. Tulidhani ni ukali wa uzee tu, nasi tulimkasirikia kwa siri. Juzi nilichota ndoo moja, nikaibeba mpaka mbali na mdomo wa kisima, kando ya ukuta, ndipo nikaoga. Mjukuu wangu aliniona akacheka, akaniuliza, "Babu, kwa nini huogi pale pale penye maji?"

Nilimwambia kwamba kuna watu wanakuja nyuma. Akageuka akatazama mlangoni, akasema haoni mtu.